Debe la Mahindi Yaliyokataliwa

Katikati ya mwaka 2016 watu wa vijiji vya Dodoma na Manyara walianza kufikishwa hospitalini macho yakiwa ya njano na matumbo yamejaa. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, ndani ya mahindi waliyovuna wenyewe. Kenya ilikwishapita njia hiyo mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, ikazika watu 125. Mimi kazi yangu ni uchumi wa lishe, yaani kukokotoa familia inakula nini kwa fedha iliyo nayo, na vifo vile vilinipeleka Kibaigwa msimu uliofuata.

Kibaigwa, wilayani Kongwa, ndiko liliko soko kubwa la mahindi. Nilitaka kujua jambo moja: mahindi salama yanapata bei nzuri zaidi? Tulikuwa na sampuli za shehena mbili, tumekwisha kuzipima. Moja ilikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, mikrogramu 10 kwa kilo. Nyingine ilikuwa imekipita mbali. Dalali alizamisha mkono kwenye gunia hadi kiwikoni, akatoa konzi, akang'ata punje ikalia. "Makavu haya." Akafanya vilevile kwa gunia la pili. Akataja bei ileile.

Hakuwa mzembe, alijua kazi yake kuliko wengi. Ila sumukuvu haionekani, hainuki, haina ladha, na moto wa ugali hauiondoi. Tena haikai sawasawa ndani ya gunia: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, ndiyo maana hata kuchukua sampuli ni kazi ya kutoa jasho.

Pembeni mwa ghala akina mama walikuwa wakipepeta na kuchambua kwa ujira. Nilimwamkia mmoja aliyekuwa mtu mzima, akaitikia marahaba bila kuacha ungo wake. Mahindi mazuri yalirudi kwenye gunia. Yaliyovunjika, yaliyotobolewa na dumuzi na yaliyogeuka rangi yalidondoka kwenye debe miguuni pake. Nilifurahi kumtazama, kwa sababu kuchambua namna ile huondoa sehemu kubwa ya sumu. Nikamuuliza debe lile linakwenda wapi.

"Linanunuliwa hilo, mwanangu. Wa kuku wananunua, wa pombe wananunua. Na aliyeishiwa naye ananunua, anasaga."

"Anakula mwenyewe, mama?"

"Na watoto wake. Mwezi wa kwanza nani anachagua?" Akapepeta kidogo, kisha akanitazama. "Wewe ukimwambia atupe, utampa nini?"

Nimesoma uchumi miaka mingi, na sijawahi kuulizwa swali zito kuliko lile. Gunia lililosafishwa linapanda lori kwenda mjini. Sumu iliyotolewa humo haijaenda popote, imejikusanya ndani ya debe, na debe linabaki na mtu asiye na uwezo wa kununua kingine. Kadiri tunavyochambua vizuri kwa ajili ya mlaji wa mjini, ndivyo debe linavyozidi kuwa kali.

Jioni ile, gesti, tuliliandika upya dodoso. Tukaongeza maswali: yaliyochambuliwa yanakwenda wapi, nani anayala, mwezi gani, na debe lake ni shilingi ngapi. Maswali hayo yamo katika kila utafiti niliofanya tangu hapo. Yamenifanya nisiridhike na ubishi wa dona na sembe unaoishia kwenye vitamini. Dona lina lishe zaidi, ni kweli, lakini sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, vitu ambavyo mashine ya kukoboa huvitoa kama pumba. Basi dona linahitaji mahindi safi kuliko sembe. Na uji wa lishe wa mtoto, mara nyingi mahindi na karanga, unaunganisha mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi na kuvu hii.

Mtama na uwele, vyakula vya Wagogo tangu zamani, vinastahimili ukame wa Dodoma ambao mahindi yakikumbana nao shambani kuvu hupata nafasi. Kwa hiyo napigania virudi mashambani na mezani. Napigania pia turubai za kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa. Lakini mpango wowote unaotaka mahindi yapimwe na mabaya yakataliwe, pasipo fedha ya kuyanunua hayo mabaya yakafanyiwe kazi isiyo ya chakula, naupinga. Kila kikao ninachoitwa, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni wa bajeti, nione fungu hilo limewekwa wapi.