Nilichemsha mswaki, kumbe shida ilikuwa mdomoni

Fizi zilianza kunitoka damu nikiwa nimepanga chumba Mabatini, hapa Mwanza. Kila asubuhi nikitema, povu jekundu. Wapangaji wote tulikuwa tunaweka miswaki kwenye kopo moja dirishani, vichwa vimegusana, na mlango wa choo uko hatua tatu tu. Nikajiambia, bakteria ndio hawa hapa.

Basi nikauchemsha. Sufuria ya chai, jiko la mkaa, dakika kumi. Ulitoka nywele zimelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Nikanunua mwingine kwa Mangi, mgumu, nikauvalisha kikofia chake cha plastiki. Baada ya wiki nakifungua, harufu ya tambara la kudekia. Na damu iko palepale.

Daktari wa meno, mama mtu mzima, alinipa kioo. "Haya, piga mswaki nikuone." Nikasugua kama nakwangua ukoko. Akacheka. "Mwanangu, meno unayaumiza na fizi umeziruka."

Ni kweli nilikuwa naziruka, maana zinatoka damu. Akaniambia mdomo wa kila mtu una bakteria wa mamia ya aina, na wengi walioko kwenye mswaki wametoka humohumo. Wakiachwa pale jino linapokutana na fizi wanajenga utando, utando unakomaa kuwa ugaga, fizi zinavimba. Ugaga hautoki kwa mswaki. Alinikwangua yeye, na sikufurahia hata kidogo.

Sasa natumia mswaki laini, nauinamisha kwenye fizi, nazungusha polepole dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Natema bila kusukutua, dawa ibaki kazini. Kisha nausuuza, naukung'uta, nausimamisha peke yake ukauke kwa upepo. Kikofia nilitupa. Kila miezi 3 nabadilisha, au mapema nywele zikitawanyika. Wiki ya pili damu ilikata.

Mwezi uliopita nilikwenda Ukerewe kwa mjomba, na chupa yangu ya maji yaliyochemshwa, maana ya ziwani siyaweki mdomoni. Mjomba anatumia mswaki wa mti. Nilimkuta uani anakata ile ncha ya jana kwa kisu, anatafuna mpya.

"Na huo wako, mjomba," akaniuliza, "una siku ngapi?"