Siku Niliyokwenda Soyosan na Halmoni

Chuoni Seoul, muungano wa Korea Kusini na Marekani tulifundishwa kwa mikataba na hesabu za askari. Mkataba wa ulinzi wa 1953. Tamko la Rais Nixon la 1969, kwamba nchi za Asia zibebe zaidi mzigo wa kujilinda. Kuondolewa kwa Divisheni ya 7 ya jeshi la Marekani mwaka 1971, askari wapatao 20,000. Niliyameza yote hayo kwa ajili ya mtihani. Wanawake waliouza miili yao kwenye baa za kando ya kambi za Wamarekani hawakutajwa hata siku moja.

Vuli ya 2022, muda mfupi baada ya Mahakama ya Juu ya Korea Kusini kuiamuru serikali iwalipe fidia wanawake hao, rafiki yangu aliyekuwa akijitolea kuwahudumia, sasa wakiwa wazee, aliniomba nifuatane naye Dongducheon, mji wenye kambi ya Marekani ya Camp Casey. Tulikuwa na mmoja wao, mama wa miaka sabini na kitu. Tulimwita halmoni, yaani bibi, kama vijana wa kule wanavyowaita wazee.

Tulishuka kituo cha Soyosan, ambako watu huenda kupanda mlima na kutazama majani yanavyogeuka rangi. Jengo tulilofuata, ambamo wanawake walifungiwa kutibiwa magonjwa ya zinaa, liko jirani tu na njia ya wapanda mlima: ghorofa mbili, madirisha yamevunjika, kuta zimechorwachorwa. Askari waliliita Nyumba ya Nyani, kwa sababu ya wanawake waliosimama wakishika nondo za madirisha. Halmoni alikataa kuingia. Alinyoosha fimbo yake kuelekea ghorofa ya juu.

"Pale. Nililala pale."

Hakuwa mgonjwa, alisema. Askari mmoja aliyepata kisonono aliulizwa amekipata kwa nani, akamnyooshea kidole yeye. Hilo lilitosha. Alipakiwa kwenye lori, akafungiwa, akachomwa penisilini mpaka miguu ikafa ganzi. Alishuhudia mwenzake akichomwa sindano, akaanza kutetemeka, na hakuamka tena. Wengine waliruka kutoka darini wakavunjika. Nikamuuliza yule askari alifungiwa wapi. Aliniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto. "Alirudi kambini, mjukuu wangu. Wiki iliyofuata alikuwa baa."

Hapo ndipo masomo yangu ya darasani yalipopata maana nyingine. Sheria ya 1961 ilipiga marufuku ukahaba nchi nzima, lakini mwaka uliofuata serikali ikatenga maeneo 104 ambako biashara hiyo iliachwa iendelee, mengi yakiwa kando ya kambi. Divisheni ya 7 ilipoondoka, serikali ya Rais Park Chung-hee iliogopa kwamba na waliobaki wangefuata. Makamanda wa Marekani walikuwa wakilalamikia magonjwa ya zinaa na ubaguzi wa rangi kwenye baa. Seoul ikaanzisha kampeni ya kusafisha mitaa ya kambi, na kilichosafishwa ni miili ya wanawake: kupimwa mara kwa mara, kutembea na kadi ya vipimo, kufungiwa. Maofisa waliwakusanya ukumbini wakawaambia kuwa wao ni wazalendo na wanaliletea taifa dola. Halmoni alizikumbuka hotuba hizo vizuri. Wakati huo, alisema, alikuwa na deni kwa mwenye baa lililokuwa likikua kila mwezi, na alipojaribu kutoroka, polisi walimrudisha kwa huyo huyo mwenye baa.

Kisha akanishika mkono, akaitazama ngozi yangu. Alisema enzi zake mwanamke aliyekaa na askari weusi hakuguswa tena na weupe, kwa hiyo baa ziligawanyika. Mwaka 1971 mgawanyiko huo ulizaa ghasia kubwa huko Anjeong-ri, mtaa mwingine wa kambi, na baadaye wanawake wakaamriwa kumpokea kila askari bila kubagua. Ubaguzi ulikuwa umekuja na jeshi lenyewe, lakini dawa yake ikatakiwa itoke kwa wasichana waliokuwa hawana hata uwezo wa kukataa mteja. Nilisimama pale nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Mahakama ilikuwa imekubali kwamba serikali ilihalalisha na kuchochea biashara hiyo, kwa ajili ya muungano wa kijeshi na fedha za kigeni. Fidia ilikuwa won milioni 3 hadi milioni 7 kwa kila mlalamikaji. Kesi ilifunguliwa mwaka 2014 na wanawake 122, na wengine walifariki kabla ya kuisikia hukumu. Halmoni aliipokea fidia yake, lakini hakuhesabu kwamba mambo yamekwisha.

"Serikali yetu imehukumiwa," alituambia tukirudi kituoni. "Na wale tuliokuwa tukitunzwa safi kwa ajili yao?"

Sikuwa na jibu, na katika vitabu vyangu halikuwemo. Mwezi Septemba 2025 wanawake zaidi ya 100 walifungua kesi mpya, na safari hii jeshi la Marekani nalo limetajwa.