Nilivyokusanya maisha ya Babu, mpiga kanuni

Babu yangu alikuwa mshoni wa kanzu mchana, na usiku mpiga kanuni, chombo cha nyuzi cha taarabu. Mchana alikaa barazani na cherehani yake, Mchangani, mjini Unguja, subana kidoleni. Baada ya sala ya Isha subana ilitoka, zikaingia pete mbili za kushikia risha za kupigia nyuzi, moja kila kidole cha shahada, na Babu akawa mtu mwengine. Aliyemzoea kibarazani kama mzee mkimya asingeamini kwamba klabuni wapigaji wote, wa fidla, udi, nai na akodiani, walikuwa wakimtazama yeye kabla ya kuanza.

Kanuni ni chombo cha mtu mwenye subira. Ile yake ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja, na farasi, yaani kipande cha mti kinachobeba nyuzi zote hizo, amesimama juu ya ngozi. Masika ngozi inalegea kwa unyevu na sauti zote zinashuka. Kwa hiyo msimu wa mvua Babu alikuwa akitangulia klabuni mapema kuliko wenzake, ufunguo mkononi, akikaza uzi mmoja mmoja. Alipenda kutueleza kwamba chombo hiki kilikuja kwetu kutoka Misri, na kwamba taarabu yenyewe ililetwa mjini kwetu enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Aliyemfundisha yeye alikuwa mzee wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa 1905. Alifundishwa kwa sikio. Hata noti moja hakuiona kwenye karatasi.

Alipofariki tulimsomea khitma, na arubaini ilipopita watu wakaanza kugawana vitu vyake. Cherehani ilipata mwenyewe, saa ya ukutani ikapata mwenyewe. Kasha la kaseti lililokuwa chini ya kitanda halikuulizwa na mtu, nikaliomba mimi.

Ami yangu alinambia wazi: marehemu anahitaji dua, hahitaji fidla. Sikubishana naye, kwa sababu dua ndiyo inayomfika. Tukaafikiana kwamba nyumbani haitapigwa kaseti hata moja mpaka Bibi atoke eda, yaani miezi minne na siku kumi. Nikauona muda ule kuwa ni fursa, nikahamia kwa fundi redio mmoja wa Darajani.

Yeye ndiye aliyenionesha namna ya kuzikaribia. Kwanza nivunje vijino viwili vya mgongoni mwa kila kaseti, ili asitokee mtu akabonyeza kitufe akarekodi juu yake. Kisha tuusafishe uso wa hedi, yaani sehemu ya redio inayosoma mkanda, kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti moja, maana mikanda ya zamani inabanduka unga wa kahawia. Kaseti ambazo kisponji cha ndani kilikuwa kimedondoka tulizifungua, tukahamishia mkanda kwenye ganda jengine la skrubu. Palipokatika hatukutumia selotepu ya dukani, kwa sababu gundi yake inavuja na kunasa mizunguko ya jirani. Mwisho waya kutoka kwenye redio hadi kwenye kompyuta, programu ya Audacity, na kila upande unahifadhiwa mzima bila kubanwa. Nakala ndogo za kutumiana kwenye simu zilikuja baadaye.

Sauti zikatoka. Nikampelekea mzee mmoja aliyepiga fidla pamoja na Babu tangu ujanani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, weka."

Akasikiliza kidogo, akanyanyua mkono. "Huyo si babu yako. Babu yako hakuwa na pupa."

Alikuwa na haki. Kaseti ile ilirekodiwa ukumbini kwa redio yenye betri dhaifu, mkanda ukawa unakwenda polepole. Sasa tukiupiga kwa mwendo wa kawaida, muziki unakimbia na sauti zinapanda. Lakini umekimbia kiasi gani, uurudishe kiasi gani? Fundi akapata dawa. Nyuma ya muziki palisikika mvumo wa umeme kutoka kwenye amplifaya ya ukumbi. Umeme wetu huvuma mara 50 kwa sekunde. Tukaupima kwenye kompyuta: mwanzoni mwa kaseti ulikaribia 51, mwishoni ulifika 53, yaani karibu nusu sauti juu. Tukairudisha kipande kwa kipande mpaka mvumo ukakaa kwenye 50 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliporudi kwa mzee hakusema neno. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kukanyaga nyuzi za hewani, kila mpito mahali pake.

Hapo ndipo maisha ya Babu yalipofunguka. Katikati ya bashrafu moja, muziki wa vyombo vitupu bila kuimba, unasikia mlio mkavu, *ta!*, kisha kanuni inaendelea. Mimi nilidhani ni kasoro ya mkanda. Mzee akacheka: uzi umekatika ule, na Babu alibaki na nyuzi mbili kwa sauti ile mpaka mwisho wa usiku, akiigusa kwa nguvu zaidi ili isipwaye. Akanitajia aliyekaa kulia kwake, aliyepiga dumbaki, na mwimbaji aliyetuzwa mpaka noti zikamwagika sakafuni. Nikaandika kila jina pamoja na dakika linapohusika, kwani Babu hakupata kupiga peke yake, na kumkumbuka bila wenzake ni kumkata nusu.

Bibi alipotoka eda nilimuuliza Ami kwanza, ndipo nikapiga. Bibi hazijui sana nyimbo kwa majina. Anazijua kwa nguo. "Huo usiku walivaa makoti ya kijivu, aliwashonea mwenyewe wote, mimi nikapiga pasi. Ilikuwa Idi pili." Kaseti zisizoandikwa kitu nyingi zilipata mahali pake kwa njia hiyo.

Nakala moja iko klabuni, moja kwa Ami, ambaye sasa huniomba bashrafu ile ya uzi uliokatika. Kanuni yenyewe anayo binti wa shangazi yangu. Anajifunza kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa hapa Unguja 2002, na mwalimu wake humpa kaseti za Babu azifuate kwa sikio.

Imebaki kaseti moja ambayo mwimbaji wake, mwanamke, hakuna aliyemtambua. Mzee wa fidla amenitajia bibi mmoja wa Bububu aliyeimba miaka hiyo. Ijumaa baada ya sala nitampelekea asikilize.