Rungwe hadi Kitulo: Kumfuata Mbayuwayu wa Buluu

Msituni kwenye Mlima Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, darubini haikusaidii sana asubuhi. Ukungu hukaa juu ya miti mpaka jua lipate nguvu, na Januari jua lenyewe halina haraka. Unatembea katikati ya miti iliyofunikwa kuvumwani toka chini hadi juu, maji yanadondoka hata mvua ikiwa imekatika, na juu ya kichwa chako kuna ndege kila upande, na huwezi kumwona hata mmoja. Hapo ndipo unapojua thamani ya mtu anayekuongoza.

Aliyeniongoza mimi ni mzee wa kijiji kilicho chini ya mlima. Ujanani alikuwa akipanda huko kurina asali, siku hizi anapandisha wageni. Nilimwamkia "shikamoo", akaitika, kisha akanifundisha kuwaamkia wenyeji kwa Kinyakyusa: "Ugonile." Unajibiwa "Ndaga." Tulipoingia ndani ya msitu akasimama, akanishika mkono.

"Mwanangu, usimtafute ndege kwa macho. Tulia umsikie kwanza. Ukishajua yuko wapi, macho yatamkuta."

Tukatulia. Kulikuwa na sauti kama filimbi, nzito kidogo, ikajibiwa papo hapo na sauti ya kukwaruza. Mimi nilisikia ndege mmoja. Mzee akanyoosha vidole viwili, kimoja kushoto kwetu na kingine nyuma. Walikuwa dume na jike wa tiva mweusi, wanaoimba kwa kupokezana hivi kwamba asiyezoea hawezi kutambua mmoja ameishia wapi na mwingine ameanzia wapi. Baadaye dume alishuka hadi kwenye kichaka cha mianzi: mweusi wa kijivujivu mwili mzima, hana pambo lolote, na kila alipopiga filimbi koo lilitutumka. Jina lake la kisayansi limetoka kwa Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Kijerumani aliyekusanya wanyama na ndege sehemu hizi mwishoni mwa miaka ya 1890. Nilimwambia mzee habari hiyo. Akaniuliza kama huyo daktari aliwahi kumsikia akiimba au alimpiga risasi tu. Sikuwa na jibu, lakini swali lake limenikaa.

Kwa nini ndege wengi namna hii wako hapa? Jibu liko chini ya miguu. Barabara inayopanda kutoka Mbeya kwenda Tukuyu imekatwa kwenye kingo za udongo, na ukisimama kando unaona tabaka za majivu ya volkano zimepangana, nyeusi, ya kahawia, kisha nyeupe. Nilichomoa jiwe kwenye tabaka la weupe. Lina vitundu vingi, jepesi kiasi kwamba mkono unashtuka. Mawe ya namna hiyo yalirushwa na Rungwe katika mlipuko mkubwa yapata miaka 4,000 iliyopita. Jirani yake, mlima Kyejo, ulitoa lava juzi tu, kama miaka 200 hivi nyuma, na masimulizi yake bado yamo katika koo za Wanyakyusa. Udongo huo ulioiva, pamoja na mvua inayofika milimita 3,000 kwa mwaka kwenye miteremko inayotazama Ziwa Nyasa, ndio uliootesha msitu huu na migomba na chai inayouzunguka. Na kwa kuwa milima hii imetengwa na mingine kwa mabonde yenye joto, ndege wake wamekaa peke yao muda mrefu hata wakawa aina zao wenyewe.

Saa nne hivi ukungu ulipasuka. Kulukulu wawili wa kijani wakaanza kukimbia juu ya tawi, maana ndege hawa hupenda kukimbia matawini kuliko kuruka. Mmoja akaruka kuvuka uwazi, na ule wekundu wa mbawa uliokuwa umefichwa ukajitokeza wote. Wekundu huo una madini ya shaba ndani yake, rangi ambayo jamii ya kulukulu huitengeneza mwilini. Muda mfupi baadaye mzee akanielekeza kwa kidevu, bila kunyoosha mkono: trogoni mwenye mkia wa milia, kifua chekundu, amekaa wima kwenye kivuli. Alikaa dakika nyingi bila kutikisika. Nilimwona kila unyoya wa tumbo. Kama ningekuwa peke yangu ningempita.

Tulisikia pia mlio wa kipunji kwa mbali, kama mtu anayebweka na kupiga honi kwa pamoja. Hakuonekana. Nyani huyu wa miti mirefu alikuwa akijulikana kwa wawindaji wa Kinyakyusa tangu zamani. Watafiti walifuata masimulizi yao wakamkuta mwaka 2003, na kufikia 2006 ikabidi apewe jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mzee anasema vijana wa kijiji walicheka sana waliposikia redioni kwamba mnyama huyo "amegunduliwa". Msitu wenyewe umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009, na anakiri kwamba tangu hapo shoka limepungua.

Ngosi, ziwa lililo juu mlimani, tulikwenda kesho yake. Mwinuko ni mkali na matope hayana huruma, kwenye njia iliyopita chini ya migomba mwitu na makangaga marefu kama minazi michanga, mpaka ghafla ardhi inakatika mbele yako. Chini kabisa, ndani ya kuta za miamba na msitu, kuna ziwa la kijani lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, lisilo na mto unaoingia wala kutoka. Kunguru shingo nyeupe walikuwa wakicheza na upepo chini yetu, tukiwatazama migongo. Kwa ndege wa msituni Rungwe ni bora, kwa hiyo hatukukaa sana.

Safari yangu hasa ilikuwa ya juu zaidi, kwenye majani.

Kutoka Isyonje barabara ya vumbi inaacha lami na kupanda kuelekea Kitulo. Pande zote mbili ni viazi, viazi na viazi tena, na hapa na pale pareto imechanua maua meupe. Wanawake walikuwa wakipakia magunia yaliyofumwa vilemba vya kamba juu. Halafu mikaratusi, safu kwa safu, na misindano michanga. Halafu kama pazia limevutwa, miti inakwisha na uko kwenye uwanda wa mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, majani mpaka macho yanapochoka, na baridi inayomfanya mtu wa ziwani kama mimi avae kila nguo aliyobeba.

Wenyeji wanaita mahali hapa Bustani ya Mungu. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua yake. Mwezi huo maua yalikuwa yameanza kupamba moto: njano, zambarau, nyekundu ya matofali, na okidi zilizojificha chini ya majani mpaka upige magoti. Askari wa hifadhi aliyeungana nasi alikuwa kijana makini, na alituomba tutembee mmoja nyuma ya mwingine ili tusikanyage.

Ndege wa majani hawafanani na wa msituni. Hapa hakuna pa kujificha, kwa hiyo kila mmoja anajitangaza. Dume mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili alikuwa akipaa polepole juu ya kinamasi, mkia ukining'inia kama umemzidi uzito. Ni ndege wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania na milima jirani ya Malawi na Zambia, basi. Juu ya jiwe akaimba mwingine, koo la manjano na ukosi mweusi, kucha ya nyuma ndefu ya kutembelea juu ya majani. Huyu naye amepewa jina la yuleyule Fülleborn. Mzee alitikisa kichwa. Tandawala mmoja mkubwa alikuwa akitembea mbali kwa hatua za heshima, na alipotuona akainama akapotea ndani ya majani yasiyofika hata magotini.

Na tulipofika kwenye kijito, mbayuwayu wa buluu.

Alipita chini ya kiuno changu. Buluu iliyokolea ya chuma kilichosuguliwa, mwili mzima, na nyuzi mbili za mkia ndefu zikimfuata. Akageuka ukingoni, akarudi kwa njia ileile, akageuka tena. Nilisahau darubini ikining'inia shingoni.

Ndege huyu namjua kwetu. Mimi ni wa Homa Bay, na kila mwaka kuanzia Aprili mbayuwayu wa buluu huonekana Ruma, kwenye bonde la Lambwe, hifadhi ile ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa sababu ya korongo, yule swala mkubwa. Hukaa hapo na sehemu nyingine za bonde la Ziwa Viktoria, Uganda ikiwemo, hadi Septemba hivi. Kisha huondoka. Tangu nikiwa mwanafunzi niliambiwa wanakwenda kusini kuzaliana, kwenye nyanda za juu za majani kuanzia Tanzania hadi Afrika Kusini. Kwetu huwa ni mgeni anayekula na kupumzika. Nilitaka kumwona akiwa mwenye nyumba.

Askari alituonyesha shimo ardhini, mdomo wake umefunikwa nusu na majani, akatuzuia tusisogee. Mbayuwayu hawa hawajengi kwenye mapaa wala chini ya madaraja. Hutafuta shimo, la mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, au mahali ardhi ilipodidimia yenyewe, na ndani yake hubandika kiota cha tope na majani makavu, wakakitandika manyoya. Tulikaa mbali tukingoja. Jike alikuja, nyuzi za mkia wake fupi kuliko za dume, akazunguka mara kadhaa, kisha akazama ardhini kama jiwe. Akatoka. Akazama tena. Alikuwa analisha.

Hapa nataka kusema jambo ambalo limenitawala tangu siku ile. Msitu una watetezi. Ukikata mti mkubwa, kila mtu anaona kisiki na anasikitika. Lakini majani yakilimwa viazi, au yakipandwa mikaratusi, hakuna anayelia, tena tunapigiwa makofi kwa kuwa "tumepanda miti". Kwa mbayuwayu huyu mti uliopandwa mahali pasipo pake ni sawa na nyumba iliyobomolewa. Anahitaji majani mafupi ya mlimani, kinamasi cha kuvulia wadudu na shimo lisiloguswa, na vyote vitatu viwe karibu. Ndiyo sababu amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani, na ndiyo sababu uwanda kama Kitulo haujazidi kwake.

Nilimwambia mzee hayo kwa moto kidogo. Alinisikiliza, halafu akasema:

"Ni kweli, mwanangu. Lakini yule mama uliyemwona na gunia la viazi, watoto wake wanasoma kwa viazi hivyo. Ukimwambia aache, mpe na kitu cha kushika."

Ana haki. Naye alikuwa na jibu lake: watu wa vijijini wapewe kazi ya kuongoza wageni kama yeye, na miche ya miti ipelekwe kwenye miteremko iliyokuwa msitu zamani, siyo juu kwenye majani. Bado naona ni fikra safi kuliko nyingi nilizosikia kwenye warsha.

Okidi nazo zina vita vyao. Viazi vidogo vilivyo kwenye mizizi yake huchimbwa na kuvushwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikadiriwa kufika mamilioni kwa mwaka kutoka nyanda hizi. Ndani ya hifadhi askari wamepunguza uchimbaji. Nje yake tuliona vishimo vibichi kando ya njia, udongo mweusi umetupwa pembeni, na ua moja limeachwa limelala.

Jioni ile mvua ya mawe ilituvizia tukakimbilia garini. Kabla ya giza tulipata bado ndege mmoja niliyemtamani, mdogo wa kahawia mwenye michirizi, mla mbegu ambaye jina lake la kawaida limechukuliwa kwenye milima ya Kipengere. Hana rangi ya kumvutia mpiga picha. Anapatikana Tanzania tu, kwenye nyanda hizi za juu za kusini, na alikuwa juu ya ua kavu mita chache kutoka kwetu akimenya mbegu kwa subira, moja baada ya nyingine.

Tulishukia Matamba, tukateremka kwenda Chimala kwa barabara wanayoiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Chini yake bonde la Usangu limetandazwa lote, na kila kona joto linaongezeka, koti linavuliwa, kisha sweta. Atakayependa kwenda aende kati ya Desemba na Aprili, wakati maua yapo na mbayuwayu wapo, abebe viatu vya matope na nguo za baridi kweli, na amtafute mtu wa kijiji amwongoze, siyo dereva wa mjini pekee.

Chimala mzee alipanda basi la kurudi kwake. Kabla hajapanda alinipa namba yake ya simu niiandike, akanisubiri nimalize, akaisoma tena kuhakikisha. Alisema hajawahi kujua mbayuwayu wanakwenda wapi wakiondoka. "Aprili wakifika kwenu, nipigie siku hiyohiyo. Usingoje wiki."