Terry George, na uzito wa kusimulia yaliyowapata wenzako

Huku kwetu ukitaja Hotel Rwanda karibu kila mtu ameiona, kama sio kwenye banda la video basi kwenye CD ya kuazimana, na hata wale ambao jina la Don Cheadle limewatoka watakwambia yule meneja wa hoteli bwana, yule. Ila aliyeiandika na kuiongoza simsikii akitajwa kabisa. Anaitwa Terry George, kazaliwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1952, akahamia New York 1981 na kazi yake yote ya uandishi ameijengea huko. Wiki hizi nimekuwa naangalia muvi zake kwa mpangilio, za mwanzo mpaka za karibuni, kwa sababu nina skripti imenikwama, na skripti yenyewe inahusu watu wa kweli ambao wengine bado wako hai, nikataka nione mtu aliyefanya hicho kitu maisha yake yote anakibebaje.

Na nimegundua huwezi kuzielewa muvi zake bila kuanzia jela. Mwaka 1975 alikuwa kwenye gari moja na watu wenye silaha wa INLA, kikundi kimojawapo cha wapiganaji waliotaka Uingereza iondoke Ireland ya Kaskazini, wanajeshi wa Uingereza wakawakamata, yeye mwenyewe hakukutwa na bunduki ila akala miaka 6. Akapelekwa Long Kesh, lile gereza ambalo baadaye dunia ililijua kwa jina la Maze, akaachiwa 1978. Sasa mtu umetoka humo, una mke, una mtoto mdogo, mji wako umejaa vizuizi vya jeshi, halafu 1981 wafungwa 10 wanakufa mmoja baada ya mwingine kwa mgomo wa kula ndani ya gereza lilelile ulilotoka wewe juzijuzi tu. Mwaka huohuo ndo aliohama na familia yake kwenda Marekani.

Kitu cha kwanza alichoandika kule hakikuwa muvi, ilikuwa tamthilia ya jukwaani, The Tunnel, ilionyeshwa 1986 pale Irish Arts Center, ukumbi mdogo wa Waairishi waliohamia Manhattan. Inahusu wafungwa wa Long Kesh waliochimba handaki mwaka 1976 wakijaribu kutoroka, na wakati handaki hilo linachimbwa yeye alikuwa humohumo ndani. Yaani alianza na kitu alichokiona kwa macho yake, watu anaowajua sauti zao, harufu ya sehemu anaijua. Na hapohapo ukumbini alikuwepo Jim Sheridan, Mwairishi mwingine, wa Dublin, naye kahamia New York na familia yake, na hawa wawili ndo walikuja kuandika pamoja zile kazi zilizofungua milango.

Ya kwanza kubwa ni In the Name of the Father, ya 1993, stori ya Gerry Conlon, kijana wa Belfast, marika ya Terry George kabisa, aliyesingiziwa kulipua baa za mji wa Guildford mwaka 1974. Akafungwa miaka 15 yeye na wenzake 3, na baba yake mzazi, Giuseppe, aliyesafiri kwenda London kumtafutia mwanae wakili naye akakamatwa, akafungwa, akafia kifungoni 1980. Daniel Day-Lewis ndo anacheza kama Gerry. Muvi ilipendekezwa kwa tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ya uandishi, yaani yule mfungwa wa Long Kesh na jina lake likasomwa Hollywood.

Lakini hapa ndo kelele za kwanza zilipoanza. Ndani ya muvi baba na mwana wanakaa selo moja miaka na miaka, wanagombana, wanapatana, mzee anaugua mwanae anamtazama. Kwenye maisha halisi haikuwa hivyo, hawakuwekwa selo moja namna hiyo. Na yule mwanasheria, Gareth Peirce, anayechezwa na Emma Thompson, kwenye muvi anasimama mahakamani kuunguruma mbele ya jaji wakati uhalisia yeye alikuwa wakili wa kuandaa kesi, waliosimama kuzungumza mahakamani ni wengine. Magazeti ya Uingereza yalishikilia hapo sana. Mimi nimelifikiria hili kwa siku nyingi na msimamo wangu ni kwamba ile selo naikubali. Naikubali kwa sababu kosa kubwa, watu wasio na hatia kufungwa kwa ushahidi wa kulazimishwa, halikuguswa, lilibaki vilevile lilivyo, na uchungu wa baba kufa kifungoni kwa ajili ya mwanae nao ni wa kweli. Kilichosogezwa ni ukuta tu. Ila naelewa kwa nini mtu mwingine atakataa, na kwamba ukishasogeza ukuta mmoja mkono unakuwa mwepesi.

Muvi ninayoipenda kuliko zote ni ile wengi hawajaiona, Some Mother's Son, 1996, ya kwanza kuiongoza mwenyewe, alikuwa ameshavuka miaka 40. Hapa karudi kwenye ule mgomo wa kula wa 1981 lakini hakuusimulia kupitia kwa wagomaji, kausimulia kupitia kwa mama zao. Kathleen, anachezwa na Helen Mirren, ni mwalimu, hataki vita hataki bunduki, hata hakujua kwamba mwanae yumo. Annie, anachezwa na Fionnula Flanagan, ni mama wa shamba, vita anaviunga mkono kwa moyo wote. Hawa wawili hawana cha kuwaunganisha zaidi ya watoto walioko selo moja. Kuna sehemu Kathleen anamfundisha Annie kuendesha gari ufukweni, wanacheka kama wasichana, na wakati wanacheka wewe unajua watoto wao wako wapi. Halafu inafika ile ya sheria, kwamba mfungwa akishapoteza fahamu mama ndo mwenye uwezo wa kusaini atiwe dripu, na ukisaini umemuokoa mwanao lakini umevunja alichokuwa tayari kukifia. Mmoja anasaini. Mwingine hasaini. Na muvi haikwambii nani kafanya sawa, mama wote wawili wanaheshimiwa mpaka mwisho. Nilivyomaliza kuiangalia nilikaa muda mrefu sijafanya kitu. Mwanaume aliyewahi kufungwa gereza lile angeweza kirahisi kutengeneza muvi ya kuwatukuza wenzake, yeye akaenda kukaa na wanawake waliokuwa nje ya geti, na hilo mimi naliheshimu sana.

Baada ya hapo kuna kazi nyingine nyingi, The Boxer na Sheridan, muvi ya HBO kuhusu vita vya Vietnam, tamthilia ya polisi ya televisheni, sitazizungumzia, ziko sawa tu.

Turudi kwenye Hotel Rwanda, 2004, aliyoiandika na Keir Pearson, sehemu kubwa wakairekodi Afrika Kusini. Watu wa huku hatuiangalii kama wanavyoiangalia wa Ulaya. Ndege ya Rais Habyarimana iliyodunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ilikuwa inatokea Dar es Salaam, mkataba wa amani uliovunjika ulisainiwa Arusha, na mwezi Mei miili ilikuwa inashuka na mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, watu wa kanda ya ziwa wakaacha kula samaki. Kwa hiyo ile sehemu ya ukungu alfajiri, gari linaanza kurukaruka barabarani, Paul, yule meneja, anadhani wametoka nje ya njia, anafungua mlango anaanguka juu ya miili, halafu ukungu unainuka taratibu unaona barabara nzima imejaa, ile mimi siwezi kuiangalia bila kusimamisha. Na ile ya tai, katoka huko, kaingia chumba cha wafanyakazi abadilishe shati arudi kazini, vidole vinakataa kufunga tai, anaivua, anajaribu tena, mwishowe anachana shati anakaa chini analia. Terry George angeweza kuonyesha damu dakika zote mbili, akaonyesha tai, na inatosha kabisa.

Lakini ile muvi imejengwa juu ya mtu mmoja aliye hai, Paul Rusesabagina, na hapo ndo mzigo ulipo. Watu 1,268 wakapona ndani ya Hôtel des Mille Collines, na muvi inasema aliyewaokoa ni yeye. Miaka iliyofuata baadhi ya waliokuwa humo ndani wakajitokeza kupinga, kwamba aliwalipisha vyumba, kwamba ushujaa umezidishwa. Yeye akawa mpinzani wa serikali ya Kigali, 2020 akakamatwa, 2021 akahukumiwa miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, Machi 2023 akaachiwa akarudi Marekani. Terry George alimtetea waziwazi. Mimi sina uwezo wa kuamua yaliyotokea vyumbani mule, ila kuna kitu kimoja naweza kukisema kwa sababu kiko wazi kwenye muvi yenyewe. Askari wa Umoja wa Mataifa tunayemuona pale ni kanali mmoja mzungu, kabuniwa, anachezwa na Nick Nolte. Wakati pale hotelini kulikuwa na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi, mtu aliyekuwa anapita vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe na gari lake akiwapitisha watu wachache wachache kwa maneno, kwa sigara, kwa utani, mpaka tarehe 31 Mei 1994 kombora lilipomuua akiwa kwenye kizuizi. Mwaka 2014 Baraza la Usalama likaanzisha medali yenye jina lake. Kwenye muvi hayupo. Ukuta wa Guildford niliukubali ila hili silikubali, linaniuma, kwa sababu ukuta uliposogezwa kule hakuna mtu aliyefutika.

Na ndo maana skripti yangu imekwama. Ni kuhusu Ngara, siku zile za mwisho wa Aprili 1994 watu kama 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakaja kambi ya Benaco. Shangazi yangu alikuwa huko, alikuwa anauza ndizi, na stori nyingi nimezipata kwake. Ninavyoandika namuona amekuwa mkubwa kwenye kila ukurasa, mwema kila mahali, na waliovuka wote wamekuwa wahanga, wakati yeye mwenyewe aliniambia kati ya waliokuja kununua ndizi walikuwemo na waliochinja, na yeye aliwauzia, angewajuaje. Nilipomsomea mwanzo wake akanikata: "Mwanangu, mbona umeniweka peke yangu? Tulikuwa wanawake wengi pale, mama fulani ndo alikuwa anagawa bure, mimi nilikuwa nauza." Hilo la kugawa nilikuwa nimempa yeye. Nikamwambia kwenye muvi inabidi mtu awe mmoja ili watu wamfuate. Akasema, "Basi mfuate huyo mwingine."

Muvi ya The Promise, ya 2016, kuhusu mauaji ya Waarmenia kwenye dola ya Ottoman, naiona kama sehemu alikofika mbali zaidi na nyumbani kwake. Pesa zilitoka kwa Kirk Kerkorian, bilionea mwenye asili ya Armenia, waigizaji wakubwa, Oscar Isaac, Christian Bale, na kabla hata haijaingia kwenye majumba ya sinema makumi ya maelfu ya watu wakawa wameshaipigia kura mtandaoni, wengi nyota moja, wakati walioiona kwenye tamasha la filamu la Toronto walikuwa wachache mno. Ile chuki ilinisikitisha. Ila muvi yenyewe, pamoja na nia yake nzuri, ina mapenzi ya watu watatu yaliyopachikwa mbele ya maafa, na sijapata humo kitu cha kulingana na ile tai.

Katikati hapo, 2011, aliandika na kuongoza kitu kidogo cha kama nusu saa tu, The Shore, akakirekodi kwenye nyumba ya familia yake kule County Down, binti yake akiwa prodyuza. Hicho ndo kikampa Oscar, Februari 2012, kundi la filamu fupi. Jamaa anarudi kutoka Marekani baada ya miaka 25 kumtafuta rafiki yake wa zamani. Rafiki na wenzake wako ufukweni wanaokota kome huku wakiwa wanalipwa posho ya kutokuwa na kazi, wanaona mtu anakuja kwa mbali, wanadhani ni mkaguzi wa serikali, wanatimua mbio. Nilicheka kwa sauti. Vita vyote vya Ireland ya Kaskazini vimo ndani ya muvi hiyo lakini anayekimbizwa anakimbizwa kwa ajili ya ndoo ya kome.

Shangazi naye ana stori za namna hiyo, nilizitupa zote nikidhani hazifai kwenye habari nzito. Kuna ya mama mmoja mkimbizi aliyekuja kubadilisha mafuta ya msaada kwa ndizi, hawaelewani lugha vizuri, wakabishana bei kwa vidole mpaka wote wawili wakasahau nani anauza na nani ananunua, na yule mama akaondoka na ndizi na mafuta yake. Shangazi akajua jioni, akacheka, na kesho yake mama karudi mwenyewe na kidumu. Nimeiweka ndo sini ya kwanza. Yule mama wa kugawa bure nimempata, yuko Rulenge, shangazi ana namba yake, na wiki ijayo naenda kumsikiliza yeye kabla sijaongeza hata mstari mmoja.