Mtoto akiuliza habari za rangi ya ngozi, usimzibe mdomo

Mtoto anauliza kwa sauti mbele za watu, mbona yule mweusi sana, au mbona yule mweupe hivi, afu mzazi anamfinya na kumwambia nyamaza. Jamani! Hapo hajafunzwa adabu yoyote, amejua tu kwamba rangi ni jambo la aibu, na siku nyingine hakuulizi wewe, anaenda kuuliza simu.

Ati bado mdogo hajui hayo mambo. Anajua bwana. Miaka ya 1940 kule Marekani, Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, wote wanasaikolojia, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 mpaka 7 wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawaambia nipe yule mzuri, wengi wakatoa mweupe, nipe yule mbaya, wakatoa mweusi, afu walipoambiwa haya sasa nipe anayefanana na wewe kuna waliolia na kutoka mbio chumbani. Nani aliwakalisha chini akawafundisha? Hakuna, waliyaokota wenyewe. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ikautaja utafiti wao ilipopiga marufuku shule za serikali kutenganisha watoto kwa rangi.

Swali la ngozi yenyewe ni jepesi, mwambie kuna kitu kinaitwa melanini, kinaikinga ngozi na jua, wengine wanacho kingi wengine kidogo, basi. Shida wengi tunaishia hapo, sote sawa haya kacheze, wakati mtoto anaona kwa macho yake mwenzake akitengwa, si atakuona muongo?

Mi naona bora umpe kisa cha mtoto mwenzie. Ruby Bridges, binti mweusi wa Marekani, alikuwa na miaka 6 mwaka 1960, mji wa New Orleans, anasindikizwa na maafisa wa serikali kuingia shule ya wazungu huku watu wazima wanamzomea, wazazi wakawatoa watoto wao, akabaki anasoma peke yake darasani na mwalimu mmoja. Lazima utaulizwa, kwani huyo mwalimu hakuogopa? Maongezi yanaanzia hapo sasa.

Wakubwa wa sekondari hawataki visa, wao shida yao utani kwenye magrupu. Usianze kufoka. Muulize, hii ungeisema yeye akiwa amekaa hapa? Na akikuta mwenzake anachekwa si lazima apigane wala ahutubie, aseme tu hiyo sio poa, afu aende akakae na yule aliyechekwa.