Mtama Mmoja, Vikaango Viwili: Safari ya Kakuma

Kakuma ni kambi ya wakimbizi iliyo Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na nilikwenda kutazama Wasudani na Waethiopia wanavyoishi huko. Safari ya Kakuma kwa barabara inaanzia Kitale. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi ni mengi, na zile kilomita 380 hivi hazina shida, ila usishuke alfajiri ukaunganisha papo hapo. Lala Kitale. Mbele yako kuna kilomita 300 hivi hadi Lodwar, halafu 120 za mwisho, na jua la Lokichar halimhurumii mtu aliyekesha. Magari ya Lodwar hujaza abiria kabla hapajapambazuka. Kaa kushoto, maana asubuhi jua linapiga kulia. Ukibadilisha gari Lodwar mchana, hamia kulia. Beba maji lita tatu kwa kila mtu na noti ndogondogo, kwa kuwa si rahisi kupata wa kukuvunjia elfu moja Kainuk.

Jingine la kumaliza mapema ni kibali. Kambi iko chini ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, na mgeni anatakiwa awe na barua inayosema anaenda kwa nani na kwa siku ngapi. Iombe wiki kadhaa kabla, utembee na nakala mbili. Asiye nayo ataishia mji wa Kakuma akinywa soda, kambi anaiona pale ng'ambo.

Baada ya Kapenguria barabara inateremka Marich kati ya milima ya Wapokot, na baridi inabaki huko juu. Kainuk ndipo Turkana inapoanzia. Ni eneo la wizi wa mifugo, kwa hiyo dereva husimama kuuliza habari za mbele kabla ya kuendelea, na abiria mwenye busara hamharakishi. Msimu wa mvua adui ni laga, mito mikavu inayojaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali. Kwako ni vumbi tupu, mbele yako maji mekundu yanabeba magogo. Dawa ni kungoja, saa mbili, pengine nne. Anayelazimisha huzimikiwa injini katikati.

Kabla hatujaingia, jambo moja linalokera. Waandishi wa Kizungu wamerudia miaka na miaka kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "hakuna mahali". Wasomaji wa ukurasa huu watanisaidia kulitafuta neno hilo.

Nilichokwenda kutazama ni jamii mbili zinazoishi hapa jirani tangu mwanzo: Wasudani, hasa wa Kusini, na Waethiopia. Ukimuuliza mwenye boda boda tofauti yao atakupa jibu kabla hujakalia kiti: Muethiopia ana duka, Msudani ana kadi ya chakula. Ukitembea Kakuma 1, sehemu kongwe ya kambi, macho yanakubali. Mtaa wa Waethiopia una maduka ya jumla, vinyozi, hoteli zenye viti vya plastiki na runinga ukutani. Ukivuka kwenda kwa Wadinka na Wanuer, makabila ya Sudan Kusini, unakuta boma za udongo na mabati, watoto wengi, akina mama wengi, na biashara ambayo mara nyingi ni meza ya vitunguu na nyanya mbele ya mlango.

Watu wakishaona hayo husema ni tabia: hawa wana akili ya biashara, wale hawana. Mimi sikubaliani. Tofauti ilianza siku walipofika.

Jamii zote mbili zilisukumwa na mwezi uleule. Mei 1991 utawala wa Mengistu, mtawala wa Ethiopia, ulianguka Addis Ababa. Wanajeshi, makarani na wafanyabiashara waliohofia utawala mpya wakakimbilia Kenya, wakawekwa kambi ya Walda karibu na Moyale, na ilipofungwa mwaka 1993 wakaletwa Kakuma. Kuanguka kulekule kuliwafukuza Wasudani waliokuwa wakimbizi ndani ya Ethiopia, katika kambi za Itang, Pinyudo na Dimma. Kati yao kulikuwa na maelfu ya watoto wa kiume waliotembea bila wazazi. Walivuka mto Gilo, wakapita Pochalla na Narus, wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio, na mwaka 1992 Kakuma ikaanzishwa kwa ajili yao.

Sasa weka mizani. Upande mmoja ni mtu wa miaka 35 aliyewahi kuendesha ghala au gari la jeshi, anayejua kuandika hesabu, na pengine ana dhahabu ya mke iliyoshonwa kwenye pindo. Upande wa pili ni mtoto wa miaka kumi mwenye kaptula. Miaka kumi baadaye yule wa kwanza ana duka. Wa pili ana cheti cha shule, na kuanzia mwishoni mwa 2000 vijana wenzake wapatao 3,800 wakapelekwa Marekani. Cheti hakionekani ukipita mtaani. Duka linaonekana.

Tuingie jikoni, maana jikoni tofauti inashikika mkononi. Mtama wa msaada umekuwa ukilisha nyumba zote mbili.

Muethiopia anataka injera, na injera asili yake ni tefu, nafaka ndogo kuliko ufuta. Tefu inatoka mbali na bei yake ni kali, kwa hiyo kambini huchanganywa na unga wa mtama, na shida ikizidi mtama ndio unaokuwa mwingi. Unga unakorogwa na maji, unatiwa irsho, yale maji ya njano yaliyobaki juu ya mchachu wa mara iliyopita, kisha unafunikwa. Nyanda za baridi huchukua siku tatu au zaidi. Kwa joto la Kakuma mbili zinatosha, ya tatu unga unachacha mno. Maji ya juu yanamwagwa, sehemu ndogo ya mchachu inapikwa kama uji na kurudishwa ndani, halafu unangoja povu. Ukiruka hatua hiyo ya uji injera inatoka bila macho, yale matundu yake, bapa kama karatasi. Kikaango kipana, mitad, lazima kiwe kimeshika moto sawasawa. Unamimina kwa kuzungusha kutoka ukingoni kwenda katikati, unafunika, hugeuzi. Mtama ukizidi, injera inapasuka ukiikunja, na mteja anaiona pasuko kabla hajaionja.

Msudani ana kisra. Ni mtama ule ule, mchachu wa usiku mmoja, mwepesi zaidi. Upawa mmoja unamwagwa kwenye bapa la chuma lililopakwa mafuta, na papo hapo unasambazwa kwa kipande cha ukuti, au cha plastiki ngumu, hadi uwe mwembamba wa kuona mwanga. Haumalizi dakika, unabanduliwa kwa ukingo. Mchuzi wake ni wa bamia kavu iliyosagwa. Hiki ni chakula cha watu wa Juba, wa Milima ya Nuba na wa Darfur. Mdinka wa Bor, huko Sudan Kusini, atakuambia yeye na asida, ule ugali wao, hawaachani.

Mikate inakaribiana kama ndugu wa baba mmoja, lakini mmoja unauzwa hotelini na mwingine unaliwa nyumbani. Sababu ni mteja. Injera ina mlaji mwenye mshahara: mfanyakazi wa shirika, dereva wa lori, polisi. Waethiopia walifungua hoteli mapema, na aliyetoka Nairobi alishaijua injera tangu mikahawa ya Kilimani na Hurlingham. Kisra haikupata jukwaa hilo. Tena mtama wa mgao ulikuwa unakuja punje nzima, na kinu cha kusagia kinataka malipo. Asiye na pesa alikuwa akiacha sehemu ya nafaka yenyewe. Mama mwenye watoto sita hawezi kutoa kwenye kile kilichobaki unga wa kujaribia biashara.

Mzunguko wa pesa ndiyo sehemu niliyoikalia zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, salio linaloingia kwenye simu na kutumika katika maduka yaliyoidhinishwa tu. Makazi ya Kalobeyei yalipofunguliwa mwaka 2016, jirani kabisa na kambi, mgao wake mwanzoni ulikuwa Sh1,400 kwa mtu kwa mwezi, na baadaye pesa zikaanza kupitia benki. Salio huingia mara moja kwa mwezi, bali tumbo halina tarehe. Kwa hiyo mama anachukua unga, mafuta na maharagwe kwa mkopo, jina lake linaandikwa kwenye daftari, na mwenye duka anashika laini au kadi ya benki kama amana. Salio likiingia, duka linajilipa kwanza. Likichelewa wiki mbili, deni linavuka mgao wa mwezi mzima, na hapo mama amefungwa kwenye duka lile: hawezi kwenda kwa jirani mwenye bei nafuu kwa sababu kadi yake iko kwenye droo ya mwingine.

Ni rahisi kumlaumu mwenye droo. Lakini naye anadaiwa na muuzaji wa jumla, na wa jumla anamdai kwa kuwa lori la Kitale halipakii bila malipo. Daftari moja likikwama, mnyororo wote unakwama. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua na mgao kukatwa vibaya, kisha wakimbizi kupangwa kwa makundi kulingana na uwezo wao, watu waliandamana Kakuma, na nadhani kwenye maduka kulikuwa na hofu sawa na ya majumbani. Muethiopia wa jumla anaishi kwa mgao wa Msudani. Hilo halisemwi sana.

Akiba kila mmoja anaweka kwa njia yake. Waethiopia wana equb, ambao Mkenya atautambua mara moja kuwa ni chama: kila mtu anatoa kiasi kile kile, mmoja anachukua zote, zamu inazunguka. Pembeni yake kuna iddir, hasa wa mazishi. Wasudani wana sanduk, mzunguko ule ule, unaoendeshwa sana na wanawake. Kwa Mdinka na Mnuer, hata hivyo, akiba yenyewe ni ng'ombe, na ng'ombe wake hawako Kakuma. Malisho ni ya Waturkana na kambi haimpi mkimbizi nafasi ya kufuga. Kwa hiyo pesa inayotumwa na kaka aliye Marekani au Australia inapita Kakuma kwenda kulipa mahari huko Bor, au karo ya binamu. Ukihesabu mali kwa mabati na rafu, hiyo hutaiona.

Mpaka nao una kazi yake. Nadapal, kituo cha mpaka wa Sudan Kusini, iko kama kilomita 120 kaskazini, Lokichoggio ukiwa njiani. Familia ya Sudan Kusini inaweza kujigawa: baba analima nyumbani, mama yuko kambini na watoto kwa sababu ya shule. Mwenye nyumba mbili hajengi duka la matofali katika moja. Muethiopia aliyekimbia serikali hana likizo ya kurudi, basi anajenga.

Makaratasi nayo yanawatenganisha. Raia wa Sudan Kusini hupokewa Kenya kama kundi, kwa hali ya nchi yake, bila kutakiwa athibitishe yaliyompata yeye mwenyewe. Muethiopia anahojiwa peke yake, na kungoja jibu huchukua miaka. Kosa linalowaponza wengi ni kusimulia tarehe moja siku ya usajili na nyingine siku ya mahojiano. Karani huenda asijue kwamba tarehe iliyotajwa ni ya kalenda ya Ethiopia, iliyo nyuma kwa miaka saba au minane, hivyo tarehe zote zigeuzwe mapema na kuandikwa mahali. Zaidi ya hayo, Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari na kutumia haki za Jumuiya. Ethiopia si mwanachama. Kwa hiyo aliye maskini zaidi sokoni ndiye mwenye mlango mpana zaidi kisheria, ingawa wachache wanauthubutu, kwani kuacha hadhi ni kuacha pia mgao na matumaini ya kuhamishiwa ng'ambo.

Neno "Msudani" lenyewe litumie kwa uangalifu. Kabla ya Julai 2011 wote walikuwa Wasudani. Leo ukisema hivyo utajibiwa: wa wapi? Wapo wa Nuba na Darfur, na tangu vita vya Aprili 2023 wapo wa Khartoum, madaktari na wenye maduka, watu wa mjini. Hao wanafanana na Waethiopia wa 1991 kuliko na jirani zao wa Bor, na wengi hawafiki Kakuma kabisa. Wanapanga nyumba Nairobi. Sudan Kusini nayo ina wenye magari makubwa Kileleshwa na Lavington ambao hawajawahi kuona kadi ya chakula.

Jioni ya mwisho nilikaa kwenye hoteli ya Kiethiopia Kakuma 1. Ubani unafuka, kahawa inakaangwa mbele yako, inatwangwa, inachemshwa kwenye jebena, birika la udongo, na kumiminwa vikombe vitatu kwa zamu: abol, tona, baraka. Meza ya jirani vijana wanne wa Sudan Kusini walikuwa wakila injera na kubishana kwa Kiarabu cha Juba, mhudumu akiwajibu kwa Kiswahili. Mmoja alisema Juba wanakula hivyohivyo, na ni kweli: baada ya mkataba wa amani wa 2005, Waethiopia na Waeritrea walifungua hoteli nyingi kule.

Gari la kurudi Lodwar hutoka alfajiri. Weka nafasi jioni, ulipe nusu tu, na hakikisha namba ya simu ya dereva ni ya dereva.